Neno la Jikoni la Bibi wa Saint-Gilles

Bibi niliyemtunza Saint-Gilles, hapa Brussels, alipoteza Kifaransa kabla hajapoteza kitu kingine chochote. Nilipoanza kwenda kwake alikuwa bado anacho, Kifaransa cha mtu aliyejifunza ukubwani huku akisafisha nyumba za wengine, chenye maneno mengi ya sabuni na vitambaa na machache ya mambo mengine. Changu mimi nilikipata shuleni Bujumbura. Tulielewana vizuri. Aliniuliza kama nina watoto, nikamwambia ninao wawili. Tukinywa kahawa aliniuliza tena, nikamwambia tena, naye akafurahi kama mara ya kwanza.

Alikuwa Mpolandi. Alikuja Ubelgiji akiwa mjane mwenye binti mmoja mdogo, akafanya kazi za usafi mpaka magoti yakakataa. Aliishi ghorofa ya pili, mtaa wa nyuma ya Gare du Midi, ambako ukifungua dirisha la jikoni unasikia matangazo ya treni. Binti yake ni mkalimani. Anakaa ndani ya kibanda cha kioo katika mikutano mikubwa, amevaa visikilizio, anawasikiliza watu kwa lugha moja na kuwasemea kwa nyingine. Ana nyumba yake upande wa pili wa mji, na alikuwa akija kwa mama yake jioni na siku za mwisho wa wiki. Siku za kazi zilikuwa zangu.

Ugonjwa wake ulikuwa ule wa kusahau. Daktari alimwambia binti kwamba lugha iliyoingia mwisho ndiyo hutangulia kutoka, na ndivyo ilivyokuwa. Majira ya baridi yalipoanza, bibi alikuwa akianza sentensi kwa Kifaransa na kuimalizia kwa Kipolandi bila kujua kwamba amevuka mpaka. Baada ya muda hakuanza tena kwa Kifaransa. Alinitazama, akaniambia jambo refu kwa utulivu, kisha akangoja jibu. Nami nilikuwa simjibu ila kwa kumshika mkono.

Binti alinifundisha maneno machache ya kuanzia: maji, mkate, choo, inauma. Nilikuwa nikiyarudia ndani ya tramu nikienda kazini, kwa sauti ya chini, mpaka siku moja msichana aliyekaa mbele yangu akageuka na kunisahihisha. Neno moja, hata hivyo, sikufundishwa na mtu. Nililipata mwenyewe jikoni.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimemaliza kumwogesha na kumvisha sweta yake ya sufu. Nilimkalisha kwenye kiti chake cha jikoni, karibu na meza. Akaanza kuupapasa ukuta ulio kando ya kabati, polepole, kama mtu anayetafuta kitufe cha taa gizani.

“Piec,” akasema. Linatamkwa *pyets*, kwa haraka, kama unavyopuliza kitu cha moto.

Nikadhani anahisi baridi. Nikaenda kuongeza joto kwenye chuma cha kupashia chumba kilicho chini ya dirisha. Akatikisa kichwa. “Piec, piec,” akaendelea kuupapasa ukuta. Nikamwonyesha kabati, akakataa. Nikamwonyesha birika, akakataa na kucheka. Basi nikafungua mlango wa jiko la umeme, lile tanuri lililo chini ya sahani za kupikia, na nikamwelekezea kidole.

Uso wake ukafunguka. “No, piec!” akasema, maana “no” kwao ni ndiyo, kama mwalimu anayemsifu mtoto mzito wa kuelewa.

Tangu siku hiyo nikawa naliwasha tanuri kila asubuhi, moto mdogo tu, na kuliacha wazi kidogo nikiwa nimesimama hapo hapo. Bibi alinyoosha viganja vyake mbele yake. Hakukuwa na kitu ndani, hata sinia. Alikaa akiota moto wa tanuri tupu, na mwili wake wote ukatulia. Nilijua kampuni iliyoniajiri isingelipenda jambo hilo, lakini nilikuwa simwachi peke yake hata kidogo, na binti nilimweleza.

Jumamosi moja nilikuwa nasukwa nywele Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels, katika saluni ya rafiki yangu ndani ya Galerie d'Ixelles. Rafiki yangu ni mtu wa Bukavu, na Kiswahili chake si kama changu. Mimi nimezaliwa Buyenzi, kule Bujumbura, mtaa ambao Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani na ya msikitini. Hatujawahi kushindwa kuelewana. Nikamsimulia habari za bibi na tanuri lake tupu.

“Bon,” akasema huku ameshika kitana kwa meno, “kama muzee anaomba four, umuwashiye four, alors! Uko unawaza nini?”

“Nawaza kwa nini tanuri tupu. Hataki mkate, hataki keki. Anataka moto tu.”

“Donc iko anakumbuka kwao. Mimi nikisikia harufu ya makala, natoka hapa Bruxelles, niko Bukavu mara moja.” Akanigeuza kichwa kwa nguvu. “Usitingishike, maman, nitakosea mustari.”

Makala, kwa watu wa Kivu, ni makaa. Nami nikamkumbuka mama yangu Buyenzi, anavyooka mkate bila tanuri. Anatia unga uliokandwa ndani ya sufuria, anafunika, kisha anapalia, yaani anaweka makaa ya moto juu ya kifuniko, ili mkate upate moto juu na chini. Kazi yangu utotoni ilikuwa kupepea. Mpaka leo sijakutana na neno la Kifaransa la kupalia.

Jumapili iliyofuata nilipita kwa bibi kuchukua mwavuli niliousahau, nikamkuta binti. Nilimuuliza kuhusu neno lile. Alikuwa anamenya viazi. Akaacha kisu.

“Anapapasa ukuta?” akauliza.

“Kila asubuhi.”

Akaketi. Akanieleza kwamba kijijini alikozaliwa mama yake, kila nyumba ilikuwa na tanuri kubwa la matofali na vigae, kubwa kama chumba cha kuhifadhia nafaka, limejengwa pamoja na ukuta. Humo walioka mikate, juu yake walipika supu, na nyuma yake kulikuwa na kitanda cha matofali ambacho watoto na wazee walilala wakati wa theluji. Mama yake alilala hapo pamoja na bibi yake. Ukuta ule ulikuwa na joto hata moto ukishazimika.

“Kwa hiyo hatafuti kitu cha kupikia,” nikasema. “Anatafuta mahali pa kulala.”

“Anatafuta bibi yake, nadhani,” akasema binti. Akarudi kwenye viazi, lakini hakumenya. “Kwetu neno hilo ni jina na ni tendo. Piec ni tanuri, na piec ni kuoka. Ukilisema peke yake hujui kama mtu anataja kitu au anataja kazi.”

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mwanamke huyu, ambaye siku zote alikuwa mtu wa maneno mafupi kwangu, akiulizwa juu ya maneno yenyewe hawezi kunyamaza. Alisema Wacheki wanasema *pec*, Warusi wanasema *pech*, Waserbia wanasema *pech* pia ila wanalainisha mwisho wake, na Wabulgaria wanasema *pesht*. Wote hao, alisema, wamelirithi kutoka lugha moja ya zamani ya Waslavi, na hiyo nayo ililirithi kutoka lugha ya kale zaidi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiona imeandikwa. Katika lugha hiyo ya kale ndimo Kifaransa kilimopata neno lake la kupika na neno lake la jiko. Na Wahindi wana lao la kupika, linaloanza na *pak*.

“Na sisi tunasema kupika,” nikamwambia.

Macho yake yakang'aa. “Kupika! Na mtu anayepika?”

“Mpishi.”

Alishika simu yake palepale, mikono ikiwa na wanga wa viazi, akaanza kutafuta. Akasoma kwa muda, kisha akaiweka chini akiwa ameishiwa nguvu. “Hapana. Ni bahati tu. Lugha zenu zina njia yake nyingine kabisa. Sauti zimekutana barabarani, lakini si ndugu.”

“Hata kwa Kirundi hawasemi hivyo,” nikamtuliza. “Wao wanasema guteka.”

“Inasikitisha,” akasema, na alimaanisha.

Wakati wote huo bibi alikuwa amekaa kati yetu, anatutazama mmoja baada ya mwingine. Nafikiri alikuwa analisikia neno lake likipita juu ya meza kila mara, na lilimtosha.

Baridi ilipozidi, bibi alibadilika. Jumatatu hakumaliza uji wake. Jumanne alinisukuma nilipotaka kumvua nguo za kulalia, yeye ambaye hakuwahi kunisukuma. Alikuwa anainuka kitini na kukaa, anainuka na kukaa. Nikamwelekeza chooni, akafika mlangoni akakataa kuingia, akanishika mkono kwa kucha.

“Piecze,” akasema. “Piecze, piecze.”

Sikulisikia vizuri. Nilisikia lile neno letu, nikakimbilia kuliwasha tanuri. Nikamrudisha jikoni nikamkalisha. Akaupiga mkono wangu uliokuwa kwenye kitufe, akaanza kulia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalikuwa yanatoka tu, huku mdomo umekunjamana.

“Piec?” nikamuuliza, nikionyesha tanuri.

“Nie! Piecze.” *Pye-che*. Sasa nikasikia kwamba mwisho wake ni tofauti.

Nikampigia binti simu. Hakupokea, maana alikuwa ndani ya kibanda chake. Nikaandika ujumbe: nipigie, mama hayuko sawa. Nikampa bibi maji, akanywa kidogo. Nikamgusa paji la uso, nikaona lina joto. Nilikuwa nimeshaanza kumtafuta daktari wake wakati binti aliponipigia, akinong'ona kutoka kwenye korido. Nikafungua sauti ili bibi asikie, nikaiweka simu karibu na mdomo wake.

“Mamo?” akaita binti.

Bibi akasema maneno mengi kwa pamoja, na katikati yake lile neno, mara mbili.

Kisha binti akaniambia kwa Kifaransa, haraka: “Si tanuri. Hasemi tanuri. Anasema inamchoma.”

Inamchoma! Nikasimama pale jikoni nikajiona kama niliyefunguliwa dirisha. Kwani sisi tunasemaje? Tunachoma nyama, tunachoma mahindi, tunachoma mkaa, na mtu akienda haja ndogo akaumia anasema: inanichoma. Hata maneno makali tunasema yametuchoma. Lilikuwa neno moja, moto mmoja, kwa lugha yake na kwa lugha yangu, na Kifaransa, ambamo nilielezwa kwamba ni tanuri na kuoka tu, ndicho kilichokuwa kimetutenganisha.

“Muulize wapi,” nikasema. “Lakini nadhani najua.”

Binti akauliza. Bibi hakujibu kwa mdomo. Aliuweka mkono wake chini ya kitovu akaubana hapo, akanitazama usoni kwa aibu kubwa, aibu ya mwanamke aliyesafisha uchafu wa watu maisha yake yote na hakutaka mtu asafishe wake.

Daktari alifika kabla ya adhuhuri. Alimpima, akapima mkojo, akasema ni maambukizi ya njia ya mkojo, na kwa umri wake na homa ile hakutaka kungoja. Gari la wagonjwa likaja. Nikapanda naye. Njiani nilimshika mkono nikawa namrudishia neno lake, “Piecze, najua, piecze,” ili ajue kwamba limefika. Akafumba macho.

Hospitalini walimwekea dawa ya mshipani. Mimi na binti tulikaa kwenye viti vya plastiki nje ya chumba, yeye akiwa bado na kadi ya kazini shingoni. Alikuwa amekuja mbio katikati ya mkutano, mwenzake akabaki peke yake kibandani.

“Nimetafsiri habari za samaki tangu asubuhi,” akasema. “Ukubwa wa matundu ya nyavu. Na mama yangu alikuwa anaungua, na nyumbani hakuna mtu wa kumtafsiria.”

“Ulimtafsiria,” nikamwambia. “Ilikuwa dakika moja tu, lakini ndiyo dakika iliyohitajika.”

Alilia kidogo, kisha akapangusa pua. Nikamletea chai ya mashine, chai mbaya ajabu. Tuliinywa. Nilijua hataki kuongea juu ya ugonjwa, kwa hiyo nikamuuliza kama neno lile lina watoto wengine. Akaniangalia kama mtu aliyetupiwa kamba.

Akanieleza polepole. Zamani sana, alisema, Waslavi walilichukua tendo lile la kuoka wakaligeuzia ndani ya mtu. Kujioka, kujichoma, kukawa kuhangaika kwa ajili ya mwingine. Mtu anayemwazia mtoto wake mgonjwa anaungua moyo, na kutoka hapo likazaliwa neno la kumjali mtu, kumtunza. Kwa Kirusi neno la huzuni limetoka huko huko. Kwa Kipolandi neno la usalama, ukilipasua, maana yake ni kuwa bila ya kuungua huko, bila wasiwasi.

“Na wewe,” akasema, “unajua mama anakuitaje unapotoka jioni? Ananiuliza: opiekunka yuko wapi?”

“Nimelisikia. Nilidhani ni jina la paka,” nikasema.

Alicheka mpaka muuguzi akatutazama. “Ni mtunzaji. Anayetunza. Ukilitazama vizuri, piec imo humo ndani. Ni mtu anayeungua kwa ajili ya mwingine.”

Nimefanya kazi hii miaka mingi, na nimeitwa kwa vyeo vingi kwenye karatasi za mshahara, vingine virefu kuliko jina langu. Nilimfikiria mama yangu, ambaye akikaa siku nyingi bila kunisikia kwenye simu husema roho inamuungua. Sikuona ajabu yoyote katika walichofanya Waslavi wa zamani. Niliona tu kwamba walikuwa wamekaa karibu na moto, kama sisi, na walikuwa na watu wao wagonjwa.

Nikamuuliza kama jehanamu nayo imo katika ukoo huo, maana nilikuwa nimewasikia Wapolandi dukani wakiapa kwa neno linalofanana.

“Watu wengi wanadhani hivyo,” akasema. “Lakini wanaojua wanasema hilo limetokana na lami, lami inayochemka. Ni ukoo mwingine.” Akazungusha kikombe chake cha karatasi. “Lakini kuna maana nyingine ambayo ni ya kwetu kweli, na hatuisemi. Bibi yake mama, yule wa kulala naye nyuma ya tanuri, baada ya vita hakutaka kulisikia neno hilo likisemwa kwa wingi. Tanuri moja, sawa. Matanuri mengi, alikuwa anaondoka chumbani. Kulikuwa na kambi ya Wanazi, ya kuchomea watu, si mbali na kijiji chao. Walikuwa wanaona moshi.”

Mhudumu akapita akisukuma toroli la chakula. Nami natoka nchi ambayo nayo ina maneno ambayo watu hawayasemi kwa wingi, na yeye alijua hilo, nafikiri, kwa sababu hakunieleza zaidi na hakuniuliza.

Bibi alirudi nyumbani akiwa mwepesi kuliko alivyoondoka. Homa iliisha, lakini hospitali ilikuwa imemchukua kitu ambacho hakikurudi. Alihitaji watu wawili kumsimamisha. Binti akaomba nusu ya kazi yake, akahamia kwa mama yake na begi moja na kompyuta. Nilidhani wataniondoa. Binti akasema, “Ukiondoka nitafanya nini? Mimi najua maneno tu.” Si kweli kwamba alijua maneno tu. Alikuwa anamkata mama yake kucha vizuri kuliko mimi. Lakini nilifurahi kubaki.

Ramadhani ikaingia mwisho wa baridi. Siku moja binti alisema anataka kuoka ile keki ya hamira ambayo mama yake alikuwa akiioka kila Pasaka, yenye unga wa siagi na sukari uliovurugwa juu yake, lakini hajui vipimo, na mama yake hawezi tena kusema. “Tumpe unga tuone,” nikasema.

Tukasukuma kiti chake mpaka mezani. Binti akamwaga unga, hamira iliyoumuka kwenye maziwa, mayai na siagi. Bibi aliangalia beseni kwa muda mrefu bila kuligusa. Kisha akaingiza mkono. Vidole vyake, ambavyo asubuhi hiyo havikuweza kushika kijiko, vikaanza kukanda. Alikuwa anakunja, anasukuma kwa kiganja, anageuza. Unga uliponata alilitikisia beseni kichwa, na binti akaongeza unga kidogo. Alipoendelea kutikisa, binti akaongeza tena, mpaka alipoacha kutikisa.

“Usiseme kitu,” binti akaninong'oneza, ingawa sikuwa nimesema kitu.

Alichoka haraka. Mimi nikamalizia kukanda, nikiwa na njaa ya saumu, harufu ya maziwa na siagi ikinipanda puani. Bibi akachota kipande cha ule uvurugo wa sukari akakileta mdomoni kwangu. Nikafumba mdomo nikatabasamu. Akakisukuma. Nikageuza uso. Akakasirika, akamtazama binti yake kama anayemshitaki: mtu huyu hali!

Binti akamweleza kwa Kipolandi kwamba nimefunga. Lazima alitumia neno lao la kwaresima, kwa sababu bibi alikirudisha kile kipande mezani kwa heshima. Kisha, kabla keki haijaingia tanurini, alikichukua tena akanisogezea. Alinisogezea mara nyingi siku hiyo, na kila mara alielezwa, na kila mara alikubali kwamba kufunga ni jambo zuri. Nilikula kipande changu jua lilipokwisha kuzama, nyumbani kwangu Anderlecht, baada ya tende na uji, pamoja na watoto wangu. Keki ilikuwa imeungua kidogo chini. Kwa mama yangu Buyenzi ungesema makaa ya chini yalizidi.

Bibi aliaga dunia mwanzoni mwa kiangazi, alasiri, madirisha yakiwa wazi. Binti alikuwa upande mmoja wa kitanda na mimi upande mwingine. Siku zake za mwisho hakusema neno la lugha yoyote. Alipumua tu, kwa mapengo marefu, na katika pengo moja tulingoja mpaka tukajua. Binti hakupiga kelele. Alimfunga mama yake vifungo vya sweta, vyote, kuanzia chini mpaka shingoni, kisha akanigeukia akauliza, “Kwenu mnafanya nini sasa?”

Nikamwambia kwetu tunafumba macho, tunanyoosha viungo, na majirani wanakuja na chakula na mikeka, na mfiwa haachwi peke yake. Akasema hana majirani wa namna hiyo. Nikakaa naye mpaka ndugu zao walipofika kutoka Polandi. Rafiki yangu wa Matonge alileta chungu cha sombe, yaani kisamvu, na wali, akapanda ngazi mpaka juu akihema, akamkumbatia binti ambaye hakuwahi kumwona. “Pole, maman, pole,” akamwambia, kisha akaanza kuosha vyombo.

Sasa ninawatunza wazee wengine, wawili, karibu na kwangu. Binti amerudi kibandani kwake kwa kazi nzima. Nilidhani tutapotezana, kama inavyokuwa mtu aliyewaunganisha akishaondoka. Lakini Idi iliyofuata alibisha hodi kwangu, amevaa gauni la bluu, ameshika keki ile ile iliyofungwa kwa kitambaa. Alikuwa ameioka mara tatu, akasema, mbili za kwanza amewapa ndege wa bustanini.

Tukiwa mezani, mama yangu akapiga simu ya video kutoka Buyenzi kunipa mkono wa Idi. Watoto wakasukumana mbele ya kioo. Akaona uso asioujua nyuma yao.

“Na yule ni nani?” akauliza.

“Ni binti wa yule bibi Mpolandi niliyekuwa namtunza. Mama yake amefariki, mama, nilikwambia.”

“Hebu nipe nimwone.”

Nikamsogezea binti simu. Mama akajisogeza karibu na kioo, mtandio ukijaa skrini nzima, akaanza kumpa pole, pole ndefu ya Kiswahili isiyo na haraka: pole mwanangu kwa msiba, Mungu akupe subira, mama hana mbadala, na sisi wengine tupo, ukija Bujumbura una nyumba. Binti alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza, vidole viwili vimegusa sikio lake kama amevaa visikilizio vya kibandani. Nikavuta pumzi ili nimtafsirie.

Akaniinulia mkono. “Ngoja,” akasema. “Mwache amalize.”